Dakika ya Kumi, Ngamiani

Kamba tulizipata bure, za katani,
zilizokataliwa ghalani kwa kuota manyoya;
ukiziegemea zinakuparura mgongo
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Jukwaa ni mbao kuukuu za reli,
juu yake magodoro manne, juu yake turubai
tuliloazima kwa mwenye lori wa Pongwe
kwa sharti moja: damu isimwagike.

Hatukuwa na chama. Hatukuwa na kibali.
Tiketi nilizikata mimi kwenye daftari la hesabu,
muhuri nikaugonga kwa kizibo cha soda.
Mimi fundi cherehani, mimi refa.
Kaptula zao zilitoka kwenye pazia moja:
nyekundu ya Hoza,
na ya Mwinjaka nikaigeuza ndani nje.

Tukawapima kwenye mizani ya robota:
kilo tisini na moja; tisini na moja na nusu.
"Wazito wadogo," nikaandika ubaoni,
na mtu akauliza, mzito huwaje mdogo?
Ana miaka kumi na tisa, nikamjibu.
Ndivyo anavyokuwa.

Wiki tatu walijifunza nyuma ya banda langu
kofi la kifua, lenye mlio, lisilo na uchungu,
na namna ya kurushwa utue mgongo mzima
kama chapati inavyotua kikaangoni.
Tukaafikiana kwa mkono na soda tatu:
dakika ya kumi Kifaru wa Pongwe anaanguka,
Jini wa Mapango anashinda,
mwezi ujao Kifaru anadai kisasi
na kiingilio kinapanda.

Dakika ya saba nikamwona mama yake Hoza.
Nani alimwambia? Yuko mbele kabisa,
amekalia ndoo iliyofudikizwa,
leso ya pili mapajani,
na ubavuni pake kijana mmoja anacheka:
"Huyu mnono leo ataliwa kama muhogo."

Hoza naye akamwona.

Dakika ya kumi ikaja, ikapita.
Mwinjaka akamnong'oneza, nami nipo hapo hapo:
"Anguka, bwana."
"Mama yupo."
"Hoza, anguka."
"Mama yupo. Sianguki."

Basi kofi likahama kifuani
likatua sikioni,
na halikuwa na ule mlio wetu.
Uwanja ukanyamaza, kisha Ngamiani yote ikasimama.
Wakashikana vichwa, wakavutana masikio,
wakatukanana kwa Kibondei na kwa Kidigo,
matusi ambayo hatukuyafanyia mazoezi.
Wanasema tembo wakipigana ziumiazo nyasi;
nyasi nilikuwa mimi. Kiwiko, sijui cha nani,
kiliniondolea jino lililokuwa likilegalega tangu Idi.
Kamba ya upande wa choo ikakatika.
Mshono wa Mwinjaka ukaachia,
na kwa hilo nawaomba radhi waliokuwa nyuma yake.

Dakika ya kumi na saba.
Hoza kapiga goti, kainuka. Kapiga goti,
kainuka nusu.
Damu ya pua, tone, tone,
kwenye turubai la watu.

Hapo mama akasimama juu ya ndoo yake.
Sauti ni ile ile ya kumwita ale:
"We Hoza! Umechoka, mwanangu.
Si ulale?"

Akalala.
Kifudifudi kwanza; akakumbuka, akageuka chali,
mabega yote mawili chini, kama tulivyofundishana.
Mwinjaka akamwekea kiganja kifuani
polepole, kama mtu anayefunika chungu cha wali.
Nikapiga ubao: moja.
Mbili.
Tatu niliichelewesha, na hadi leo wananisema
kwamba nilikuwa nampendelea.
Sikuwa nampendelea mtu.
Nilikuwa natafuta jino.

Turubai tulilisugua kwa ndimu na chumvi siku mbili.
Doa likabaki, dogo, lenye umbo la korosho.
Hawakusemeshana hadi Jumanne,
Mwinjaka alipokuja kuuliza kama kaptula imeshonwa,
akamkuta mwenzake amekaa mlangoni
sikio limevimba, anakula embe bichi.
Akamsogezea chumvi.

Mwezi uliofuata kiingilio kikapanda.
Mama alikuja mapema, akalipa kama wengine,
safari hii na mto wa kukalia.